Bi Twaiba katika Jumba la Kheri

Fauzia ndiye aliyetoa rai ya kumpeleka mama yake Jumba la Kheri. Bi Twaiba alizaliwa humo, nje kidogo ya Msambweni, enzi ambazo shamba la minazi la babu yake lilifika hadi ufuoni. Jumba lilikwisha kuuzwa zamani, na sasa lilikuwa makumbusho. Mama naye alikuwa akisahau: kwanza majina ya majirani, kisha ya wajukuu. Fauzia alitumaini kwamba kuta alizokulia zingemrudishia chochote.

Kaingu, mtembeza wageni, aliwapokea kwa shikamoo, akawapandisha hadi chumba cha juu. Mlikuwa na kitanda cha samadari kilichozungushiwa kamba, kioo kilichoingia ukungu, na harufu ya popo. Bi Twaiba akaiinua kamba, akapita chini yake, akaketi kitandani.

"Mama, hapo hapakaliwi," Kaingu alisema kwa upole.

Hakumsikiliza. Mgongo wake uliopinda kwa uzee ulinyooka. Akamtazama Fauzia, akanyoosha mguu.

"Nivue viatu."

Fauzia akapiga magoti, akamvua. "Umechoka, mama?"

"Mama nani? Wewe si mtoto wa Chiku, yule wa jikoni?" Sauti ilikuwa kavu, Fauzia hakuwahi kuisikia maishani mwake. "Niite bibi. Na ukisema nami, angalia chini."

Kaingu akageukia dirishani.

Fauzia alitaka kulia, machozi hayakuja. Mama aliyemjua yeye hakuwahi kumtuma hata mtoto wa jirani pasipo kumwomba. Huyu alikuwa amejificha wapi miaka yote?

Alimbembeleza watoke, Bi Twaiba akakataa katakata. Mwishowe Fauzia akainamisha kichwa.

"Bibi, chakula ki tayari chini."

Ndipo akainuka, akatangulia kushuka ngazi, mkono wa bintiye akiusukuma kando.

Nje, juani, mgongo ukapinda tena. Akauliza kama hapa ndipo hospitali.

"Twenda nyumbani, mama."

"Haya, mwanangu," akasema, ingawa jina hakulitaja.

Jioni Feisal, kakake Fauzia, alipiga simu kuuliza kama mama alikumbuka lolote.

"Hakukumbuka kitu," Fauzia alijibu.

Feisal akasema huenda wamrudishe tena baada ya Ramadhani. Fauzia akamwambia simu inakatika, hamsikii vizuri.