Majani Chini ya Mipichi

Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili Agosti, Mzee Mkasi alifungua mlango wa jikoni asubuhi akadhani kuna mtu amemwaga chumvi shambani. Weupe ulikuwa umekaa juu ya nyasi, juu ya toroli, juu ya soksi alizosahau kwenye kamba, nazo zimekakamaa kama samaki mkavu. Ilikuwa jalidi, ule umande unaoganda. Jua lilipopanda weupe wote ukayeyuka, na maua ya mipichi yakabaki matawini vilevile, ya waridi, mazuri ya kupigiwa picha. Mpita njia mmoja akampungia mkono kutoka barabarani, akamwambia mwaka huu atawalisha mji mzima.

Mzee akachuma ua moja, akalipasua kwa ukucha. Katikati, pale tunda linapoanzia, palikuwa peusi ti. La pili, hivyo hivyo. Akahamia mti mwingine, akapasua mpaka vidole vikanata, kisha akakaa juu ya toroli iliyolowa, suruali na iloe.

Mipichi ile aliipanda marehemu mkewe. Yeye alikuwa mpogoaji tu, ndiyo maana watu wakambandika jina la mkasi. Tangu mama watoto afie kwenye wodi ambayo daktari wake alikuwa semina, mzee aliwachukia wakubwa wote kwa jumla, kuanzia wenye viti vya kuzunguka mpaka mlinzi wa getini. Mwanawe, fundi uashi, alitaka pale pajengwe vyumba vya kupangisha. Wakavutana weee, mwisho wakakubaliana: msimu mmoja zaidi. Mipichi ikizaa, inabaki. Isipozaa, inang'olewa.

Sasa Julai, mwezi ambao watu hulala na makoti, lilikuja joto la kuvua shati. Miti ikadanganyika, ikaanza kuvimba macho ya maua kabla ya wakati wake, na udongo ukapasuka. Bwana shamba, kijana mpole wa pikipiki, akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia watandaze majani makavu chini ya miti, tena mazito, unyevu usipotee. Mzee hakuwa mtu wa kusikiliza ofisi, lakini safari hii aliogopa kukosea. Alitandaza mpaka mguu ukawa unazama. Jirani yake, fundi cherehani, shoga wa marehemu, ndiye peke yake hakutandaza. Alisema mgongo unamuuma, na kila mtu alijua mgongo wake huuma pakiwa na kazi.

Asubuhi ile fundi cherehani alikuja na tawi la mpichi wake, akapasua ua mbele ya mzee. Kijani. Si yote, alisema, ila zaidi ya nusu.

"Shemeji, leo uvivu wangu umenipa heshima."

Kisha akamtazama usoni, akatamani kuurudisha utani wake mdomoni.

Bwana shamba alipofika alichuchumaa, akafunua majani, akaweka kiganja kwenye udongo. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba udongo ulio wazi hunywa joto la mchana na kulipumua usiku, miti ikapata kujipasha. Majani yalikuwa yamelifunika lile joto huko chini kama blanketi, na maua yakaachwa nje.

"Kwa nini hukusema hayo Julai?"

"Mzee wangu, Julai nilikuwa napigana na jua. Tusingetandaza, miti ingekauka. Na jana utabiri ulisema usiku mwanana. Nani angewaza jalidi?"

"Nyie ndio mnaolipwa kuwaza."

Kijana akatazama chini. Mzee alitamani ajitetee, apate wa kugombana naye vizuri; kumfokea mtu aliyeinamisha kichwa ni kama kupiga teke godoro. Akawataja wakubwa wake, na wakubwa wa wakubwa wake, wanaopanda ndege kwenda kuzungumzia joto ndani ya viyoyozi. Kijana akaitikia kwa kichwa yote. Hasira ikamwishia mzee mdomoni, asijue aipeleke wapi.

Wakiwa bado wamesimama hapo, mwanawe akaingia na futi ya kupimia. Alipoona vidole vya baba yake vilivyonata maua, akaitia mfukoni.

"Baba, sikuja kukusimanga. Mwakani joto litakuja tena, na baridi itakuja nyuma yake bila kupiga hodi. Huyu akikwambia ufanye nini, nakupa msimu mwingine, naondoka zangu."

Mzee akamgeukia bwana shamba. Hakuwahi kumwomba mtu wa ofisi kitu tangu amzike mkewe, na sauti iliyomtoka hata yeye hakuitambua.

"Haya mwanangu. Jua likiwaka nitatandaza majani, miti isife kiu. Sasa nani ataniambia siku ya kuyaondoa?"