Macho Makavu ya Yeshimebet

Mama yangu, Yeshimebet, alikuwa mwombolezaji wa kijiji kizima. Msiba ukitokea, watu walimfuata nyumbani aje aimbe sifa za marehemu, na akianza kulia, hata wanaume waliosimama kando wakiegemea fimbo zao walijifuta macho. Hiyo ilikuwa zamani. Alipovuka miaka sitini, macho yalianza kumkereketa kama yametiwa mchanga. Sisi tulidhani ni moshi wa jikoni.

Kisha mjomba Gashaw, kaka yake wa pekee, akaanguka nyuma ya maksai wake wakati wa kulima, akafa pale pale. Mama ndiye aliyemlea mgongoni. Siku ya mazishi alijipiga kifua mpaka kikavimba, akaimba mpaka sauti ikamkauka, lakini chozi halikutoka hata moja. Macho yalikuwa mekundu tu.

Asnakech, mjane wa mjomba, akamgeukia mbele ya watu wote.

"Wifi, tuonyeshe chozi moja basi. Au unawaza kurithi shamba lake la mtoni?"

Mwanamke mmoja alichekea ndani ya shuka lake. Mama akakatiza wimbo katikati. Tangu hapo kanisani walimwachia nafasi pande zote mbili, na msiba uliofuata walimwita mwombolezaji wa kijiji cha pili.

Nilimpeleka zahanati, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Muuguzi alimpachika kikaratasi chembamba ndani ya kope la chini, akangoja. Kilitoka kikavu.

"Mama, ni umri," alisema. "Maji ya macho yamepungua, na utando wa juu ya jicho umechakaa, umejikunja. Nitakupa matone."

"Matone baadaye. Hayo maneno uliyosema, niandikie."

Akaandika, akagonga mhuri. Mama alimpelekea kasisi karatasi ile, naye akaisoma uani kwa Asnakech, majirani wakisikiliza. Asnakech alikuwa akipepeta nafaka, wala hakuuweka chini ungo.

"Basi hata serikali imeandika kwamba hukumlilia mume wangu," alisema.

Ikafika arobaini. Tukiwa njiani nilimshika mama mkono.

"Tia matone kabla hatujaingia. Yatatiririka, nao watanyamaza."

"Nimlilie Gashaw kwa maji ya chupa?"

"Mama, wanachotaka ni kuona tu."

"Na wewe unataka nini, Fentaye?"

Nikamwachia mkono.

Aliingia vile vile alivyo. Alisimama katikati ya uwanja, akaanza wimbo alioutunga mwenyewe zamani, wa mtoto aliyevushwa mto mgongoni kwa dada yake. Wimbo ule una kiitikio. Hakuna aliyeitikia. Aliimba ubeti, akangoja, akaitikia mwenyewe, akaendelea hivyo mpaka mwisho. Kisha akajitanda shuka lake, akaondoka bila kuonja chakula.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, tonge la injera mkononi. Kiitikio nilikijua tangu utotoni. Lakini Asnakech alikuwa akinitazama, nami nachota maji kisimani kwake, ng'ombe wangu wanalala zizini kwake. Nikalitia tonge kinywani, nikatafuna.

Huu ni mwaka wa tatu. Mama hanigombezi. Nikienda kumwona hunipa kigoda, huniuliza hali ya ng'ombe, na nikiaga hunishukuru kwa kumtembelea, kama anavyomshukuru mgeni yeyote.