Pini ya Kumi na Saba

Nilipomaliza kupanga miraba thelathini sakafuni, safu sita za mitano mitano, mama mkwe alisimama mlangoni akacheka.

"Haya mwanangu, na sisi tupite wapi? Ukutani?"

"Pita pembeni, mama. Ukikanyaga ule wa bluu, leo unalala nje."

Kilikuwa kitandiko cha mwanangu wa miezi tisa, tunayemwita Bosi kwa jinsi anavyotuamrisha. Viraka vilitoka kwenye mashati ya baba yake na gauni langu la ujauzito. Kila mraba niliubania kikaratasi cha namba kwa pini yenye kichwa chekundu, safu zisije zikachanganyika. Nikishaunga mraba, nachomoa pini yake na kuitia kwenye kifuniko cha kopo. Kwenye darasa la jioni la ushonaji tulikaririshwa hivyo: pini zikiingia thelathini, zitoke thelathini.

Wingu likafunga, chumba kikawa giza mchana kweupe. Nikatoka mbio kuanua nguo. Niliporudi, mama mkwe amesinzia kitini, na Bosi ameketi katikati ya safu ya nne kama mwenye shamba.

"Nimefumba macho kidogo tu!"

"Kidogo, na miwani imeanguka?"

Nikampa mjukuu wake, nikainyoosha miraba harakaharaka, nikawasha taa, nikakaa kwenye cherehani.

Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne, tak! Sindano ikavunjika. Nikaguna. Viraka vinapokutana pembeni mshono huwa mnene, si ajabu. Nikaokota vipande vyote viwili, nikavitia kwenye kiberiti, nikaweka sindano mpya, nikaendelea.

Nyuma yangu Bosi akakohoa.

"Meno hayo," alisema mama mkwe.

Akakohoa tena, kikohozi kikavu. Sikugeuka. Nilitaka kuunga safu zote kabla umeme haujakatika.

Nilipomaliza nilikitandaza kitambaa kitandani. Kilipendeza mpaka nikajionea fahari. Kisha nikahesabu pini. Ishirini na tisa. Nikahesabu upya, moja moja, kidole juu ya kila kichwa chekundu. Ishirini na tisa. Nikapapasa sakafu, nikakung'uta sketi, nikainua mkeka.

"Mama," nilisema, "mfungue mtoto mkono."

Vidole vya Bosi vilikuwa vimefumbata kikaratasi kilichotafunwa, kimelowa mate. Wino ulikuwa umevuja, ila kumi na saba ilisomeka. Pini haikuwepo.

Mama mkwe hakusema meno tena. Alivaa viatu, akamfunga Bosi kifuani kwa kanga. "Twende hospitali. Sasa hivi."

Nilichukua kadi ya kliniki. Mkono ukagonga kiberiti mezani, kikalia: vile vipande viwili vya sindano.

Kumi na saba. Safu ya nne, ilipovunjikia sindano.

"Subiri, mama."

"Nisubiri nini? Mtoto anakohoa!"

"Kidogo tu, mama, nakuomba."

Nilipitisha kidole gumba kwenye mshono wa mraba wa pili wa safu hiyo. Laini. Laini. Kisha kitu kigumu. Nikafumua kwa wembe, nyuzi zikaruka, nikajikata na sikujali. Ndani ya mkunjo kulikuwa na pini, imepinda pale sindano ilipoigonga, kichwa chake chekundu kimenasa chini ya uzi. Bosi alichomoa karatasi tu. Pini nilikuwa nimeishona mwenyewe, humohumo atakamolala.

Nikaiweka kwenye kifuniko. Thelathini.

"Hesabu tena," alisema mama mkwe.

Thelathini.

Bosi akakohoa. Tukamtazama wote wawili. Akatutazama, akapiga chafya, akadai titi kwa ukali wake wote wa kibosi.

"Tena," alisema bibi yake. Hakuvua viatu mpaka nilipohesabu mara ya tatu.