Dawa Tuliyogawana

...na hili tabaka la mwisho la bandeji ndilo linaloshika, kila mara linashika hapo hapo chini ya kidole gumba, sista Roshni anajua, analilowesha maji ya chumvi kidogo kidogo na kusubiri, hana haraka, ananiambia, "Legeza mguu, mama Salanieta, hatupigani leo," nami nacheka, kwa sababu mguu wenyewe siusikii, kuanzia kifundo kwenda chini ni kama nimeuazima kwa mtu, ningeukazaje, ninachokaza ni mikono, nimeishika sulu yangu, hii nguo ya kujifunga kiunoni, hapa mapajani mpaka imejikunja, wiki ya tisa leo na bado bandeji ikifika tabaka la mwisho naogopa, na si kidonda ninachokiogopa, kidonda nimekizoea, naogopa ile rula ya karatasi, sista anaiweka juu, anasoma urefu, anasoma upana, daktari Alumita anaandika, na mara mbili sasa daktari ameandika kisha kalamu yake ikasimama, akaniuliza kwa upole, "Mama, dawa unapaka yote? Tyubu nzima kwa wiki, hubakizi?" nami nikamtazama machoni nikasema yote, daktari, mimi ninayewasimamisha watu wazima kwaya nzima na kuwaambia msimwimbie Mungu kwa mdomo wa uongo... yote, nikasema, na nusu yake iko kwenye kisigino cha Torika.

Torika ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu Sakiusa, na sasa hivi yuko pale nje getini anapiga soga na mlinzi, namsikia kupitia dirishani, si maneno, sauti tu na kile kicheko chake cha kukwaruza, hajawahi kuingia humu ndani hata siku moja, kila Jumanne ananisindikiza mpaka getini na kukaa kwenye kibao cha mlinzi, anasema harufu ya hospitali inamtapisha, na mimi nikaamini, kwa nini nisiamini, huyu ndiye aliyenipokea nilipotoka visiwani Yasawa nina miaka kumi na tisa na mkeka mmoja kwapani, akanizunguka mbele ya ukoo mzima, akanusa, akasema, "Kaka, tulikutuma mke, umetuletea samaki mkavu," watu wakaanguka kwa kicheko nami nikatamani ardhi inimeze, na usiku wa siku ya pili... hapana, ilikuwa alasiri, mvua ilikuwa inanyesha, akaja na majani ya kusukia yaliyochemshwa akakaa sakafuni karibu nami, akanifundisha kusuka pindo la mkeka wa kwao bila kusema neno la utani hata moja, ili mama mkwe akija kukagua asipate la kusema... miaka thelathini na nane tunatukanana, na Sakiusa alipokufa ni yeye aliyenishika kiuno kaburini, akaninong'oneza, "Ukianguka humo sikutoi, samaki," nikacheka mbele ya mchungaji, Mungu anisamehe.

"Linaachia," anasema sista Roshni, lakini haliachii, anaongeza maji, nami natazama kalenda ukutani kwa sababu kutazama mguu siwezi bado, na daktari Alumita ameingia, nasikia viatu vyake vya mpira, ananigusa bega na kunisalimu, "Bula, mama, umekula?" nasema nimekula, magimbi na majani yake, chai bila sukari, anasema vizuri, anakaa kwenye meza yake nyuma yangu na kufungua mafaili, binti mdogo huyu, baba yake aliendesha treni ya miwa zamu moja na Sakiusa, akaenda kusoma ng'ambo akarudi, angeweza kubaki huko, akarudi, na siku ile ya kwanza alinichorea kwenye karatasi kwa nini kidonda changu hakifungi, alisema, "Ukijikata, mama, mwili unatuma askari wake, wanaua wadudu, kisha wale wale wanaweka silaha chini na kuanza kujenga. Kwa mwenye sukari hawasikii kwamba vita vimekwisha. Wanaendelea kupiga risasi, wanaipiga nyumba yao wenyewe," nikamwuliza na dawa yako itawafanya nini, akasema, "Tunadhani itawaambia wawe mafundi. Tunadhani tu, mama. Ndiyo maana tunajaribu. Wengine wanapata dawa, wengine wanapata mafuta matupu, na hata mimi sijui nani kapata nini," nami nikaweka sahihi, na kwenye ile karatasi kulikuwa na mstari aliousoma mara mbili kwa Kifiji, kwamba dawa hii ni ya mguu wangu peke yake, si ya jirani, si ya ndugu... nikasema ndiyo, nimeelewa.

Na Torika naye alikuja kupimwa wiki ile ile, kidonda cha kisigino, akatoka na uso mkavu akasema, "Hawanitaki. Mimi mzee mno, wanataka wasichana kama wewe," akacheka, na mimi nikaona aibu kwa niaba yake, nikaona vibaya kweli, tyubu ya kwanza nilipoileta nyumbani haikunipa furaha, iliniangalia pale mezani, Jumamosi nikamwita nikamwambia tugawane, akakataa, "Mimi si ombaomba," nikamwambia tumegawana hata Sakiusa, wewe ulimpata miaka ishirini na mitano nami nikampata iliyobaki, sembuse tyubu hii, akachukua kisosi, akaikamua yote, akaipasua katikati kwa mgongo wa kisu, sawasawa kabisa, ni mtu wa haki yule, kisha akaniapisha, kwa jina la Sakiusa aliyelala pale kilimani, kwamba sitamwambia mtu... na kila Jumamosi tangu hapo, kisosi, kisu, miguu yetu miwili juu ya beseni moja, matusi, na kidonda chake kikaanza kufunga, chake kwanza, kabla ya changu, Jumapili hii iliyopita kimebaki nukta, nukta tu kama punje ya mchele, akainua kisigino mbele ya kwaya yangu yote na kusema, "Tazameni, dawa inajua binadamu na inajua samaki," nami nikafurahi, nikaona na wivu kidogo, lakini nikafurahi...

"...na yule mama mwingine?" anasema daktari Alumita huko nyuma, si kwangu, kwa sista, kwa ile sauti ya chini ya watu wa kazi, "yule wa picha ya eksirei yenye kivuli mfupani, umempata?" na sista Roshni, bila kuinua macho kwenye mguu wangu, "Nimepiga mara nne, daktari. Simu inaita tu. Nimemtumia ujumbe na mhudumu wa mtaa, akaambiwa kasafiri," na daktari anapumua, "Wiki tisa. Nilimwambia aje alazwe siku ile ile, dripu za dawa, mfupa bado ulikuwa unaokoleka. Ninachoogopa ni kidonda kujifunga chenyewe juu. Ngozi ikifunga, usaha unakosa pa kutokea, unarudi ndani, unaingia kwenye damu. Anaanza kutetemeka baridi na sisi hatujui," na sista, "Kisigino, siyo? Yule msuka mikeka," na daktari, "Taratibu, Roshni," kwa sababu kuna mgonjwa chumbani, mgonjwa ni mimi, nami natazama kalenda na tarehe zimeanza kuogelea.

Msuka mikeka, kisigino... wako wangapi hapa Lautoka, wako wengi, wanawake wengi wanasuka na nusu yetu tuna sukari, si lazima awe... lakini leo asubuhi alikuja kunichukua amevaa koti la Sakiusa, lile koti zito la zamu ya alfajiri, na jua lilikuwa tayari linachoma mabati, nikamwambia umerukwa na akili, akasema upepo, upepo gani, hata moshi wa kiwanda ulikuwa umesimama wima, na magimbi niliyomwekea hakuyagusa, alikunywa maji, vikombe vitatu, mkono ukamwaga maji mezani akaufuta haraka kwa kiwiko na kunitukana, ili nisitazame mkono, siku zote akitaka nisitazame ananitukana... na simu yake, ndiyo, simu yake tangu mwezi wa sita inaita tukiwa tunasuka, anaitazama anaigeuza kifudifudi, "Ni wale wa kuuza kadi," na kwamba haingii humu, si harufu, Torika, harufu gani, wewe uliyemwogesha Sakiusa wodini siku zote zile, hukutaka wakuone, hawakusema wewe mzee, walisema ulazwe, na wewe ukaona kaka yako akiingia wodini na miguu miwili na kutoka na mmoja, kisha akarudi kwa ule mmoja na hakutoka... na mimi, mimi na kisosi changu, Jumamosi tisa nimewaweka wale mafundi wa daktari mlangoni na moto uko ndani, nimeufunga mlango kwa mikono yangu, kwa kumpenda, na nilimwonea wivu.

Sasa nifanyeje... nikinyamaza, bandeji itafunguliwa, rula itawekwa, nitasema yote daktari, nitatoka nitamshika mkono getini na kumburuta nyumbani na kumwambia peke yetu, Torika, rudi kwa daktari, atanitazama, atasema samaki wewe, atakwenda kwake na kufunga mlango, namjua, atakufa kwa ubishi na kutetemeka ndani ya koti la kaka yake... na nikisema, kiapo, niliapa kwa jina la Sakiusa, na nitatolewa kwenye majaribio leo hii, mstari ule ulisomwa mara mbili, nitarudi kwenye pamba na maombi, na mguu huu, ndiyo, na mguu huu nataka kuubakisha, nataka kusimama mbele ya waimbaji wangu wa alto Krismasi, nina haki ya kutaka... na si hilo tu, kuna wengine, daktari alisema tuko sitini na kitu, Lautoka na Ba na Labasa, kila mmoja na rula yake, na kwenye karatasi yangu pameandikwa mtu aliyepaka yote akapona nusu nusu, kama ni dawa kweli basi nimeisingizia, watasoma huko na kusema dawa hii dhaifu, iwekwe kando, na mwanamke fulani nisiyemjua atakatwa mguu kwa uongo wangu... Sakiusa, ulikuwa mtu wa reli, uliniambia mwenyewe, ishara ikiwa nyekundu humwulizi aliyeiwasha ana cheo gani, unasimamisha treni, basi usinikasirikie, na kiapo chako nakivunja mchana kweupe, ukiwa na neno utaniambia nikija huko.

"Haya, hilo limetoka," anasema sista Roshni, na hewa inagusa, sisikii lakini najua, nashusha macho, kwa mara ya kwanza leo nashusha macho, na pale pembeni pote kuna ngozi changa, nyekundu laini, inang'aa, imeingia ndani kwa upana wa ukucha, sista anaitazama na midomo yake inajikunja kama anayezuia tabasamu, anachukua rula, nami nasikia sauti yangu, haitetemeki, ni ile sauti ya kuwaita alto, "Sista, usipime kwanza. Daktari. Yule mama mnayemtafuta ni wifi yangu Torika. Hajasafiri. Yuko hapo getini kwa mlinzi, amevaa koti, anatetemeka tangu asubuhi," na kiti cha daktari kinalia sakafuni, "Torika yuko hapa?" na mimi, kabla ujasiri haujaniisha, "Na kisigino kimefunga. Nimekifunga mimi. Nilimpa nusu ya dawa, kila Jumamosi, tangu tyubu ya kwanza. Nilikudanganya."

Sista Roshni ameganda na rula hewani, daktari Alumita amesimama mbele yangu sasa, namwona, uso wake umepauka na ni mtoto kabisa, miaka yake ya kusoma yote iko usoni, nasubiri anifokee, afadhali anifokee, anasema polepole, "Homa imemwanza lini? Jana? Juzi?" nasema leo, jana jioni alikuwa anacheka na kula, nilimwona mwenyewe, anafumba macho mara moja na kuyafumbua, "Siku moja. Siku moja bado tuna nafasi, mama. Tuna nafasi nzuri," na anaondoka, anatembea kwanza, kisha viatu vya mpira vinakimbia kwenye korido, nasikia anaita kiti cha magurudumu, na sisi wawili hatusogei, mguu wangu uko wazi juu ya kigoda, sista ameushika kisigino kwa kiganja, "Tyubu tisa zote, mama? Nusu?" na mimi, "Nusu, sista. Kwa mgongo wa kisu, haikuzidi upande. Andika hivyo, futa yale mengine," anatikisa kichwa, anatazama tena ile ngozi changa, anasema kama anayejisemea, "Kwa nusu tu," na hasemi zaidi, na sijui kama watanitoa au wataniweka, watajua wao, nimeachia sulu, naona mikono yangu imelala, wakati dirishani sauti ya Torika inapanda, kali, nzima, "Homa? Nani ana homa? Kamuulize huyo samaki, ndiye aliyewatuma, na mimi nitamkaanga," na sauti ya daktari haisikiki, ni ndogo mno, kisha Torika tena, chini sasa, chini sana, sijawahi kumsikia akiuliza kitu kwa sauti ile, "Mtanikata?" na safari hii namsikia daktari vizuri, "Ndiyo maana nimekimbia, mama. Kaa hapa, nishike," na gurudumu linalia juu ya changarawe likija upande huu.