Begi Lisilojaa

Pasi ilikuwa imetoka tena. Anti aliliacha begi wazi juu ya kitanda, akaenda uani kuanua shuka, na aliporudi alikuta pale alipoilaza pasi pamebaki shimo katikati ya nguo. Kutoka chumba cha pili kulisikika kitindamimba wake akiimba, na harufu ya kitambaa chenye joto ikaja mpaka mlangoni.

"Nani kachukua pasi?"

"Mimi, mama. Nanyoosha sare mara moja tu, nairudisha sasa hivi."

"'Sasa hivi' yako naijua. Na birika je?"

"Bibi anachemshia maji ya kuoga."

Jamani! Birika hilo lilikuwa limeshaingia na kutoka begini asubuhi ile mara nyingi kuliko alivyosafiri Anti maisha yake yote. Akakaa kando ya begi, akaliangalia. Kila alipolijaza, lilipungua.

Na leo ndiyo leo. Miaka mingi Anti alikuwa msaidizi katika shule ya chekechea ya mtaa wa pili. Kazi yake kufuta makamasi, kufunga vifungo, kutuliza vilio na kuwalaza watoto mchana, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Anti, hata muuza mboga aliyemzidi umri. Halafu mwalimu mkuu akamwita ofisini, akamwambia kwa upole kwamba mwakani hakuna atakayesimama mbele ya watoto bila cheti. Asiye na cheti atapewa ufagio na jiko. Anti aliomba chuo, akakubaliwa. Mafunzo ni ya mwaka mzima, lazima kukaa bwenini, na usajili unafungwa leo jioni. "Usipofika nafasi anapewa mwingine," sauti ya kwenye simu ilimwambia. "Walio nyuma yako ni wengi." Kwa hiyo ama alale chuoni leo, ama azoee ufagio.

Mumewe, fundi wa friji, hakumkatalia. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Mume akikukatalia mnagombana, mnanuniana, mambo yanajulikana. Huyu alisema, "Nenda mke wangu, elimu haina mwisho," kisha akaingia chumbani na mikono yake yenye grisi, akaanza kuvuta waya wa ekstensheni kutoka chini ya nguo, akiuvuta taratibu kama anayeng'oa muhogo.

"Baba watoto, unafanya nini?"

"Hii naitumia, mama. Kuna friji ya mteja inanisubiri hapo nje."

"Na mimi simu nitaichaji wapi?"

"Ah! Chuo kizima kikose soketi?"

"Iko moja, na chumbani tuko wawili."

"Basi mtapokezana. Kupokezana nako ni elimu." Akacheka peke yake, akautoa waya pamoja na sidiria moja iliyonasa, akairudisha sidiria begini kwa heshima kubwa, akatoka.

Wa kutoa walikuwa hao. Wa kutia alikuwa mkwewe. Mama huyo hakuwahi kukanyaga chuo hata kwa kupotea njia, lakini mambo ya huko aliyajua yote. Aliingia amekumbatia sufuria kubwa isiyo na mfuniko, ndani yake mwiko, taa ya mafuta na ndoo ndogo ya plastiki.

"Hii ndoo ni ya usiku, mwanangu. Vyoo vya huko viko mbali."

"Mama, naenda chuo, siendi porini."

"Unayajua ya usiku? Na hii sufuria ukipata wageni utawapikia."

"Wageni gani, mama? Naenda kusoma!"

"Mtu mzima hakosi wageni," alisema mkwe, akaishindilia sufuria mpaka zipu ikalia. Ama kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Si yeye atakayelipandisha begi ngazi.

Mama yule alipotoka, Anti aliitoa sufuria akaisukuma chini ya kitanda, akakunja blanketi. Kitindamimba akachungulia mlangoni, sare imenyooka, pasi hana.

"Mama, blanketi unalichukua?"

"Ndiyo."

"Na baba atajifunika nini?"

Anti akalikunjua tena. Akalirudisha blanketi kitandani. Uzalendo ulikuwa umemshinda. Basi, akajisemea, atachukua vile visivyogombewa na mtu, vitu vyake mwenyewe, taulo lake, kikombe chake, shuka zake, tuone nani atavifuata. Akaliendea kabati.

Kule chekechea watoto hawajui kusoma, kwa hiyo kila taulo, kila mfuko na kila kitambaa hushonewa uzi wa rangi kwenye pembe, na kila mtoto ana rangi yake. Wanawe walipokuwa wadogo wakipigania mataulo, Anti alileta ujuzi huo nyumbani. Mume bluu. Kitindamimba manjano. Wakubwa wawili, ambao sasa wana nyumba zao, kijani na nyekundu. Mkwe alipohamia alidai rangi yake, ingawa hakuwa na wa kugombana naye, akapewa zambarau. Tangu hapo nyumba ilitulia, na Anti alijisifu kwa hilo hata kwa majirani.

Sasa akawa anapindua pembe. Bluu. Manjano. Manjano. Zambarau. Akachomoa la chini kabisa, kijani, la mtoto aliyeoa zamani. Akaanza upya kutoka juu.

"Unatafuta nini, mama?"

"Taulo langu."

Msichana akasogea kusaidia. "Lako ni lipi?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kwa sababu hakujua, na alitaka kujua ili alitafute. Anti akasema, "Lile..." akapindua pembe moja zaidi. Alijikausha na lolote lililokuwa kavu. Chai alinywea kikombe kilichobaki. Shuka alilalia ya mumewe. Aliwaza na kuwaza, akatafuta walau kijiko, hakukipata.

Hasira ikampanda mpaka masikio yakamwaka moto. Aliwakasirikia wote, mmoja mmoja, na waliokwisha kuhama pia. Kisha akajikasirikia mwenyewe, kwa maana nyuzi zile nani alizishona? Aliketi, akazishona kwa mikono yake hiyo hiyo, akapitia rangi zote za kibweta cha nyuzi, akamaliza, akafunga sindano, na wala haikumjia kwamba kuna mtu amesahauliwa.

Akalibeba begi, akalipindua. Vyote vikamwagika kitandani.

"Njooni!" alipaza sauti. "Njooni nyote! Kila mtu achukue chake!"

Wakaja. Na mtu angetegemea kwamba wangeona haya, wangesema hapana mama, tulia mama. Thubutu! Walichukua. Mkwe alitwaa mto na kanga mbili. Kitindamimba alichukua kioo, mafuta ya nywele na saa ya mezani. Fundi wa friji alichukua tochi, akachukua na kufuli. "Afadhali umekumbuka," alisema, "kufuli hili nilikuwa nalitafuta." Mkwe aliinama, akaiona sufuria yake chini ya kitanda, akaibeba kwa kununa.

Kitandani zikabaki gauni mbili, nguo za ndani, mswaki, ndala na kalamu mpya alizonunua juzi. Anti akavitia begini. Zipu ilijifunga yenyewe.

"Hutoki na begi tupu!" mkwe akang'aka. "Watu watasema tumekufukuza. Ahirisha hata kesho, tukutafutie vitu."

"Kesho nafasi haipo, mama."

"Haya, nenda. Lakini wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo."

"Mbona mimi nilikuwapo, mama," Anti akasema, "na langu halipo?"

Msichana aliiangalia pasi aliyokuwa hatimaye ameileta, akainyoosha mbele. "Ichukue basi, mama."

"Iache. Kesho una shule."

Mumewe alimpokea begi ampeleke stendi. Alilinyanyua kwa nguvu, kama mtu aliyejiandaa kwa mzigo, likamrukia mpaka kifuani. Akasimama katikati ya mlango.

"Mbona jepesi hivi?"

"Ndivyo lilivyo."

Njia nzima alilihamisha begi mkono huu na mkono ule, kama anayelipima. Basi lilipoanza kunguruma, alimwambia kupitia dirishani, "Jumamosi nikuletee blanketi?"

"Blanketi la nani?"

Akafikiri. Alikuwa bado anafikiri basi lilipoondoka.

Chuoni alimkuta karani ameshavaa koti, ameshika komeo la dirisha. Alinung'unika, akakaa tena, akamwandikisha, akampa ufunguo. Anti aliufumbata ufunguo kiganjani. Amewahi!

Chumba kilikuwa ghorofa ya pili: vitanda viwili, meza moja, dirisha moja. Sakafuni palirundikana mabegi, maboksi, feni, mito mitatu na zulia lililokunjwa, na juu ya rundo hilo alikaa msichana wa rika la kitindamimba. Vitanda vyote viwili vilikuwa vitupu.

"Shikamoo, mama. Umemleta mwanao?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe."

Msichana akaruka wima, akaziba mdomo kwa aibu, kisha akacheka, na Anti naye akajikuta anacheka.

"Samahani, mama! Nilikuwa nakusubiri. Chagua kitanda, cha dirishani au cha mlangoni."

"Chochote, mwanangu. Wewe chagua, mimi nitachukua kitakachobaki."

"Hapana. Wewe ndiye mkubwa. Sitandiki mpaka uchague."

Anti akaweka begi chini. Alikaa kwenye kitanda cha mlangoni, maana karibu na mlango ndipo hulala anayewahi kuamka. Akakaa kidogo. Akainuka, akaenda cha dirishani, akabonyeza godoro kwa viganja, akakaa, akasogea mpaka mgongo ukafika ukutani. Akarudi cha mlangoni. Msichana alikuwa amesimama, mto mkononi, akimtazama.

"Hiki basi, mama?"

"Ngoja kwanza," alisema Anti. "Usiniharakishe."

Akarudi dirishani, akavua viatu, akajinyoosha chali juu ya godoro tupu ili aone kunakuwaje.