Habari ya Kihesa

Antoni alishamaliza kusema, lakini Silvester bado alikuwa ameibana simu sikioni, amesimama juu ya jiwe kileleni, mkono mmoja umeshika kofia isichukuliwe na upepo.

"Umenisikia, Baba Eveline?" Antoni, ndugu yake Leokadia, aliuliza. "Mama katutoka alfajiri. Tunazika kesho saa nane mchana. Leokadia usimwambie hivyo. Mwambie mama kazidiwa, apande gari aje. Hayo mengine atayakuta hapa, kina shangazi wapo, watampokea."

"Nimesikia," Silvester alisema, na mtandao ukakatika.

Kilima kile ndipo mahali pekee simu iliposhika, tangu kambi ihamie upande huu wa hifadhi. Kila siku, lori la kuni lilipopita chini yake, mmoja wa wafanyakazi alipanda na kikapu chenye simu za wote, akangoja ujumbe uingie, akashuka. Leo zamu ilikuwa ya Silvester. Simu ya Leokadia haikuwa na ujumbe hata mmoja. Nyumbani Kihesa, Iringa, walishakubaliana kwamba asiwepo wa kuipigia.

Alishuka polepole. Mathew, dereva wa lori, alimtazama usoni mara moja tu, akauliza ni nani. Silvester akamwambia. Wakarudi kambini bila kuwasha redio.

Kwao msiba haumwagwi tu mbele ya mtu. Hutafutwa aliye karibu na mfiwa, akaambiwa yeye kwanza. Huyo humwambia mfiwa kwamba mgonjwa amezidiwa. Mfiwa husafiri na nusu ya habari, na nusu iliyobaki huikuta mlangoni, tayari mikononi mwa wanawake watakaomshika asianguke. Ni uongo unaojulikana na kila mtu, na kila mtu akiletewa huupokea. Lakini wafanyakazi wa kambi hii walikuwa wanaume kumi na mmoja, na mwanamke mmoja tu, naye ndiye mfiwa.

Silvester alikuwa na miaka hamsini na minane na kazi yake ilikuwa maji ya moto. Alichochea kuni chini ya mapipa mawili, akachota, akapima joto kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto mchanga, kisha akapandisha ndoo za turubai kwa kamba juu ya bafu za wageni na kusema kwa sauti, "Maji tayari." Wageni walisema asante. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake na dunia kubwa kwa miaka kumi na tisa, na hakuona upungufu. Kambi ilikaa siku mbili hapa, siku mbili kule. Mahema yakafungwa, yakapakiwa, yakasimamishwa tena kwenye ukingo mwingine wa mto, na mapipa yake yakawa ya kwanza kushushwa. Ni yeye aliyemtafutia Leokadia kazi ya upishi hapo, miaka sita iliyopita, na mama yake Leokadia, Juliana, jirani yake wa nyumba ya tatu, alimshika mkono akamwambia mwanangu nakukabidhi wewe. Silvester hakuwa mtu wa kusema uongo. Alikuwa mtu wa kuchelewa kusema kweli, na hayo ni mambo mawili yanayofanana sana.

Alimkuta Leokadia jikoni, chini ya turubai lililofungwa kwenye miti miwili, akikaanga sambusa za wageni za jioni. Karai lilikuwa limejaa mafuta.

"Kamwene, Baba Eveline. Umeniletea nini huko kilimani?"

Alimwambia kama alivyoagizwa: mama kazidiwa, Antoni anasema apande lori kesho alfajiri, Mathew anakwenda Iringa kuchukua mboga. Aliyasema akiangalia sambusa.

Leokadia aliweka chini mwiko wa matundu. Hakuwa mtoto. Yeye mwenyewe alishawahi kutumwa kumwambia shoga yake kwamba mume amezidiwa, huku mume yupo mochwari. Alimsogelea akamkazia macho.

"Baba Eveline, nitazame. Usinifanyie ile ya kiutu uzima. Mama yuko hai?"

Mafuta yalikuwa yanatokota nyuma yake, hatua moja kutoka kwenye kisigino chake. Miaka ya nyuma mkewe Silvester alipigiwa simu mchana mmoja, akiwa anakaanga maandazi, na kijana asiye na simile kutoka Makongolosi. Dada, Timotheo kafukiwa na shimo la dhahabu. Timotheo alikuwa mdogo wake. Mama Eveline aliangukia karai, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havijanyooka mpaka leo. Sasa Silvester aliyaona mafuta, akaona kisigino.

"Yuko hai," alisema.

Tusimlaumu haraka. Au tumlaumu, lakini taratibu. Alikusudia uongo wa dakika mbili, mpaka binti atoke motoni, ndipo amketishe kwenye sanduku la viazi na kumwambia vizuri. Lakini Leokadia alishusha pumzi, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akacheka. Alisema mama yake huyo na kifua chake wana mkataba: kila Oktoba vumbi likianza, anazidiwa, anaitiwa padri, na kesho yake anaamka anauliza nani kala dagaa wake. Akarudi kwenye karai. Kisha gari la wageni likanguruma ng'ambo ya vichaka, na sauti ya Rabson, kiongozi wa safari, ikauliza kwenye redio ya mkononi kama maji yapo.

Wageni walikuwa wanane, na vumbi la siku nzima mwilini. Silvester alipandisha ndoo nane, akaongeza mbili kwa waliotaka kuosha nywele. Alipomaliza, Leokadia alikuwa akipakua supu, na baada ya supu kulikuwa na nyama, na baada ya nyama kulikuwa na keki ya mgeni aliyetimiza miaka sabini. Wafanyakazi wote waliitwa wakaimbe na kupiga makofi. Leokadia alikuwa mbele, ameibeba keki. Silvester alipiga makofi nyuma kabisa, na kila kofi lilimuuma.

Alimfuata Rabson kwenye gari akamweleza yote. Rabson hakuwa mtu mbaya. Alisema pole, akasema lori lipo na wageni hawatakufa kwa kula makaroni siku mbili. Silvester akamwomba amwambie yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wa kambi.

"Mkubwa wa kazi ni mimi, mzee," Rabson alisema. "Msiba ulipewa wewe. Mimi nikimwambia, atauliza kwa nini wewe ulimwambia yuko hai."

Hilo ndilo Silvester alilokuwa akilikimbia. Alijiambia kwamba alfajiri ni nzuri zaidi: atampandisha ndani ya lori kwanza, kisha atamwambia wakiwa wanaondoka, na atakwenda naye mpaka mlangoni, kwa kina shangazi. Mpango ulikuwa mzuri. Ulihitaji tu Leokadia apande.

Saa kumi na moja alfajiri lori lilikuwa linanguruma, taa zimewashwa. Leokadia alikuja, lakini hakuwa na begi. Alikuwa amebeba kifurushi kilichofungwa kwa kanga.

Alisema amefikiri usiku kucha. Likizo yake ni siku saba. Akiondoka leo katikati ya safari, siku zitahesabiwa kuanzia leo, na atazimalizia njiani na kwenye foleni za hospitali, pamoja na watu wote waliojaa nyumbani. Lakini safari inaisha Jumamosi. Akienda Jumamosi atamkuta mama ameshapata nafuu, watu wameondoka, na atakaa naye wiki nzima, wawili tu, amwogeshe na kumsuka nywele. Tangu aanze kazi hii hawajawahi kukaa wiki nzima.

"Panda, mwanangu," Silvester alisema. "Panda tu."

"Si umesema yuko hai?"

Mathew, kwenye usukani, aliinamisha kichwa. Silvester alifungua mdomo. Kulikuwa na giza bado, moto wa jiko haujawashwa, hapakuwa na mafuta wala karai, hapakuwa na kisingizio chochote. Palikuwa na uso wa Leokadia tu, umepumzika, umefurahi kidogo, na Silvester hakuweza kuuvunja. Wanawake ni waoga wa habari mbaya. Aliwahi kulisema hilo mara nyingi kwenye vikao. Sasa aliona mwoga ni nani.

"Jumamosi si mbali," alisema mwishowe.

Leokadia alimpa Mathew kifurushi dirishani. Ni sweta, alisema, na majani ya chai. "Mwambie mama asilivue asubuhi hata kama jua limetoka. Mwambie nimesema mimi." Mathew alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka magotini, akaondoa lori bila kuaga. Taa nyekundu zilipita kwenye vichaka, zikapotea.

Silvester aliwasha mapipa. Akapandisha maji ya asubuhi. Wageni wawili walilalamika kwamba ni ya baridi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Rabson aliondoka na wageni mapema, na alipopita karibu na mapipa alimtazama Silvester, akakitazama kichwa cha Leokadia kule jikoni, akaelewa. Wangerudi mchana kwa chakula. Kambi ikabaki na watu wachache waliolala chini ya miti wakikimbia jua. Mto ulikuwa umekatika tangu Septemba. Mbele ya mahema ulibaki mchanga mweupe mpana, na kwenye dimbwi la mwisho kule kwenye kona viboko walibanana migongo, wakigombana. Silvester alikaa kwenye kigogo, akahesabu saa. Saa nne bado angeweza kusema, lakini gari lilikuwa limeondoka. Saa tano, angesema ili iweje. Kila saa ilimletea sababu yake, na zote zilikuwa sababu nzuri.

Ilipokaribia saa saba alimsikia Leokadia akiimba wimbo wa kwaya. Alikuwa amevaa blauzi safi. Alimwambia kwamba Rabson aliahidi tangu jana jioni, kabla ya supu: leo baada ya chakula gari la wageni litapita kilimani, na atapanda yeye mwenyewe. Amechoka kutuma simu kwenye kikapu. Atampigia Antoni, Antoni amwekee mama simu sikioni, hata kama hawezi kujibu, amsikie tu anavyohema.

Silvester alisimama. Aliingia jikoni, akatoa sufuria la wali motoni akaliweka chini. Akatoa la mchuzi. Akachota maji kwenye ndoo akayamwaga kwenye makaa, mara moja, mara ya pili, mpaka moshi ukafuka na jiko zima likawa jeusi.

Leokadia aliacha kuimba. Hakuna mtu anayezima moto wa mpishi saa saba mchana.

"Lini?" aliuliza.

"Jana. Alfajiri."

"Jana uliponiambia yuko hai."

"Ulikuwa karibu na mafuta," Silvester alisema, na alipolisikia neno hilo likitoka nje, peke yake, aliona jinsi lilivyo dogo. "Nilitaka utoke pale. Halafu… sikuweza. Hakukuwa na mwanamke wa kukushika, mwanangu. Sikujua nitakushika vipi."

Alingoja apigwe. Alingoja binti apige yowe, aanguke, alie, afanye chochote ambacho mtu aliyefiwa hufanya ili walio karibu naye wapate kazi. Leokadia alisimama tu, mikono imening'inia.

"Wanazika saa ngapi?"

"Saa nane."

Saa ya ukutani, waliyoitundika kwenye mti wa turubai kwa ajili ya chakula cha wageni, ilionyesha saa saba na dakika ishirini. Mpaka Kihesa, kwa gari zuri, ni mwendo wa saa tano. Leokadia aliitazama saa ile kwa muda mrefu, kana kwamba anaweza kuibembeleza.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikwambia usinifanyie ile. Nilikuuliza, Baba Eveline."

Akatoka. Alishuka ukingoni, akaingia kwenye mchanga wa mto. Mtu haruhusiwi kutembea huko peke yake, kwa hiyo Silvester alichukua fimbo akamfuata, ingawa fimbo hiyo isingemzuia nyati wala kumfariji mtu. Mchanga ulichoma kupitia kwenye ndala. Leokadia alikwenda mpaka katikati, mahali pasipo na kivuli, akakaa chini, miguu ameinyoosha mbele. Alitazama upande wa mashariki, iliko Kihesa. Silvester alisimama hatua kumi nyuma yake. Alitaka kusogea, na hakusogea.

Gari la wageni lilitokeza ng'ambo, kwenye ukingo wa pili, likirudi kwa chakula. Likapunguza mwendo. Vichwa vilichomoza kwenye paa lililo wazi, na mwanamke wa keki, yule wa miaka sabini, aliinua kamera akatafuta walichokiona wenzake: mwanamke amekaa mchangani, mwanamume amesimama. Rabson alisema jambo fulani. Kamera ikashuka. Kisha akazima injini, na pale mtoni pakawa kimya, isipokuwa viboko.

Leokadia hakuwaangalia. Saa nane ilikuwa imefika, au imepita. Hapo mchangani hapakuwa na mwenye saa. Alichota mchanga kwa mkono wa kulia, akaunyoosha mkono mbele kama watoto wa marehemu wanavyofanya kaburini zamu yao ikifika, akatafuta pa kuutupia. Mto ulikuwa tambarare pande zote. Mkono ukabaki hewani, umefumbwa, na mchanga ukawa unapenya kidogo kidogo kati ya vidole.