Kituo cha Kwa Fundi Saa

Mwenda tezi na omo marejeo ngamani, walisema wahenga. Hawakusema ngama ikivunjwa je. Katika miaka ishirini na mbili niliyokaa ugenini, kilima tulichotelezea kwa maboksi kimechongwa na mto umefunikwa zege. Ilibidi nimuulize mlinzi wa benki njia ya kwetu.

"Nyoosha mpaka kituo cha Kwa Fundi Saa, kisha kata kushoto."

Fundi saa alikuwa baba yangu. Alipofariki sikuja kumzika, nilituma rambirambi kwa simu kama mtu baki. Kumbe watu hawajamsahau.

Nilifika nikihema. Palipokuwa na kibanda chake sasa pana duka la vigae, na mama mwenye duka alikuwa akifagia mlangoni.

"Shikamoo mama. Fundi saa mwenyewe mlimjua?"

"Marahaba. Fundi gani, baba? Hilo jina la kituo tu. Nina miaka kumi hapa, sijaona saa wala fundi."

Akaegemea fagio. "Kwani unamtafuta nani?"

Nilishindwa kulitamka jina la baba. Nikasema nimepotea.

"Mgeni, eh? Pole. Kaa kivulini, nikimaliza nitakuelekeza."

Nikakaa, nikangoja kuelekezwa kwetu.